Filamu ya Kuazima

Mwaka juzi nilialikwa katika shule moja ya sekondari nikae pamoja na walimu wawili kutazama kazi za wanafunzi waliokuwa wakijifunza habari za sinema. Kazi yenyewe ilikuwa moja kwa wote: kutengeneza mwanzo wa filamu ambayo haijapata kuwako, pamoja na jina lake na majina ya waliofanya kazi ndani yake, usiozidi dakika mbili. Kazi ya namna hii ni sehemu ya mtihani wa Cambridge katika somo la vyombo vya habari, nayo itawafaa vilevile wanafunzi wetu wa sekondari ya juu ambao, kwa mtaala mpya wa Kenya, waweza kuchagua somo la maigizo na filamu. Nilikwenda kwa furaha. Nilirudi na hasira, na hasira hiyo haijapoa. Ndiyo sababu naandika maneno haya.

Tulitazama filamu tisa. Katika ya kwanza kijana aliyejifunika uso kwa kofia ya koti alimfukuza msichana msituni, na mkononi mwake alikuwa na kisu. Katika ya pili kijana mwingine, aliyejifunika vilevile, alipanda ngazi polepole akiwa na kisu. Nacho, wasomaji wangu, kilikuwa kisu kilekile cha jikoni mwa shule, kwa maana mpini wake ulikuwa umefungwa utepe mwekundu. Nilikihesabu kisu hicho mara nne kabla jioni haijaisha. Katika filamu nyingine mpelelezi aitwaye Johnson aliingia chumbani amevaa koti refu la baridi, ilhali siku ile jua lilikuwa likipasua vichwa. Katika nyingine mkoba ulifunguliwa, ndani yake mna mabunda ya dola zilizokatwa katika karatasi. Na mbili zilianza kwa mlio wa saa ya kuamsha, kijana akanyosha mkono akaizima, akapiga mswaki, akavaa viatu, akatoka mlangoni. Dakika mbili zikawa zimekwisha wala hatukujua kwa nini tuliamshwa pamoja naye.

Nataka kubishana na filamu saba kati ya hizo tisa. Zaidi ya hayo nataka kubishana na watu wazima walioziachilia zipite, kwa maana mtoto huazima nguo anapoona kwamba hapana mtu nyumbani anayemkataza.

Mmoja wa walimu wale wawili, mtu mwungwana na mwenye elimu, alinijibu hivi: "Mzee, hawa ni wanafunzi. Mtihani unataka waonyeshe kwamba wanazijua kanuni za aina za filamu. Filamu ya kutisha ina giza, ina kisu, ina msichana anayekimbia. Wakianza kwa kuiga, kesho watabuni." Hoja hii si ya kudharauliwa. Mshairi hujifunza mizani kwa kusoma mashairi ya waliomtangulia, na fundi seremala hukaa miaka chini ya mkono wa fundi mwingine. Walakini, mwanafunzi wa seremala huiga namna ya kushika randa. Haibebi meza ya bwana wake usiku akaiita yake. Aina ya filamu ni namna ya kuushika moyo wa mtazamaji. Kisu, kofia na msitu ni meza za watu wengine.

Chukua hiyo filamu ya kutisha. Kanuni yake ni hofu. Haya, nakuuliza wewe unayesoma: unaogopa nini? Sidhani kama utanijibu kwamba unaogopa mtu mwenye kinyago katika msitu wa mibanji ya Marekani. Mtoto aliyetumwa mjini na pesa za kununulia mgonjwa dawa, akatia mkono mfukoni ndani ya matatu akaukuta mfuko mtupu, huyo ameijua hofu. Msichana anayempigia mama yake simu mara ya tano, nayo yalia tu bila kupokewa, naye ameijua. Wanafunzi wa mabweni katika nchi hii wanajua jambo ambalo waandishi wa filamu za kutisha wa Marekani hawalijui: maana ya kitasa kilichofungwa kwa nje na vyuma vilivyotiwa madirishani, tangu Kyanguli mwaka 2001, walipokufa wavulana 67 katika moto wa usiku mmoja. Sisemi kwamba msiba huo ufanywe mchezo, hasha. Nasema kwamba mwanafunzi anayeishi miongoni mwa hofu za kweli, kisha akaenda kuazima hofu ya uongo, hakufundishwa kutazama.

Na kutazama ndiyo kazi yenyewe. Mwanzo wa filamu una deni la kulipa kwa muda mfupi sana: utuambie tuko wapi, tunamfuata nani, na tuna swali gani la kutufanya tusiondoke kitini. Yeyote anayetaka kuona deni hilo likilipwa na Mkenya, na aitazame filamu ya Mbithi Masya iitwayo Kati Kati, ya mwaka 2016. Mwanamke yuko peke yake nyikani, amevaa vazi la mgonjwa wa hospitali, hajui amefikaje pale. Ni nyika, mtu na vazi, basi. Vitu hivyo vitatu hata shule maskini kabisa yaweza kuvipata kwa asubuhi moja. Lakini vazi la hospitali mahali pasipo hospitali linauliza swali ambalo kisu hakiwezi kuliuliza, kwa sababu kisu chatupa jibu kabla hatujauliza.

Au itazame Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty wa Senegal, ya mwaka 1973. Yaanza kwa mtoto aliyepanda ng'ombe, akiongoza kundi la ng'ombe wenye pembe ndefu. Kisha twapelekwa machinjioni. Hapana anayesema neno la kutueleza. Mtazamaji amekwisha fahamu kwamba katika hadithi hii wako watakaopelekwa mahali wasipopajua na watu wanaojua njia. Ng'ombe hao hawakutoka Hollywood.

Hata wale wageni wanaoigwa hawaigwi vizuri. Orson Welles, Mmarekani, alianza filamu yake Touch of Evil ya mwaka 1958 kwa mkono unaotega saa ya bomu. Bomu likatiwa katika buti ya gari, wenye gari wakaingia bila habari, na kamera ikalifuata gari hilo mitaani kwa zaidi ya dakika tatu pasipo kukatwa hata mara moja. Sisi twajua, wao hawajui, nasi hatuwezi kuwapigia kelele. Mwanafunzi aliyetaka kujifunza kwa Welles angejifunza hilo, kwamba hofu hukaa katika tofauti kati ya ajuacho mtazamaji na asichokijua mhusika. Basi angeweza kuacha bomu Marekani akachukua barua: twaona mwalimu akiitia barua ya kufukuzwa shule katika mkoba wa mwanafunzi, ampelekee baba yake, mwanafunzi aufunga mkoba na kwenda nyumbani akiimba.

Sasa niseme kwa nini jambo hili laniuma zaidi ya inavyostahili kazi ya shule ya dakika mbili. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, palikuwa na mradi wa Waingereza wa kutengeneza sinema za kuwafundisha Waafrika. Zilitengenezwa filamu 35, za kilimo, za afya, na hata moja ya kuwahimiza watu kuweka akiba katika benki ya posta badala ya kuzika fedha ardhini; zikazungushwa Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Waigizaji walikuwa Waafrika. Ni hadithi gani isimuliwe, nani awe mjinga na nani awe mwerevu, hayo hayakuamuliwa nao. Mwaka 1939 Serikali ya Uingereza ilianzisha idara yake ya filamu kwa makoloni, na mkuu wake, William Sellers, alishika imani kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha zinazobadilika upesi. Basi apewe picha za polepole, pasiwe na ufundi wa kumchanganya.

Imani hiyo ilikuwa uongo, nao umekufa. Lakini tazameni kinyume chake. Wakati ule mgeni alishika kamera akausema uso wetu kwa maneno yake. Leo kamera iko mkononi mwa kijana wetu mwenyewe, hapana bwana anayemwamuru, naye kwa hiari yake amwita mwenzake Johnson na kumvisha koti la baridi. Sellers angecheka. David Gitonga, katika filamu yake Nairobi Half Life ya mwaka 2012, alituonyesha kijana wa shamba aitwaye Mwas, anayeuza kanda za filamu za ng'ambo huku akiwaigizia wanunuzi vituko vya mashujaa wa kizungu. Twacheka tunapomwona. Tofauti ni kwamba Gitonga alijua kuwa kijana anayeiga ni hadithi ya Kenya, akaitia katika filamu. Wale vijana wangu saba walikuwa Mwas wenyewe, wala hawakujua.

Wengine watasema ni ukosefu wa vyombo. Ati tungekuwa na kamera kubwa na taa tungefanya ajabu. Hoja hii sina subira nayo. Tarehe 28 Desemba, 1895, ndugu wawili, Auguste na Louis Lumière, walionyesha filamu zao kwa watu waliolipa kiingilio katika mkahawa mmoja wa Paris. Kila filamu ilikuwa ya sekunde 50 hivi, haina sauti, na kamera imesimama mahali pamoja. Walichopiga ni wafanyakazi wakitoka katika kiwanda chao wenyewe. Mlango wao wenyewe! Satyajit Ray wa Bengali alipotengeneza Pather Panchali, iliyotoka mwaka 1955, hakuwa amepata kuongoza filamu. Mpiga picha wake, Subrata Mitra, alikuwa kijana wa miaka 21 ambaye hakuwa amepata kuishika kamera ya sinema. Fedha ziliwaishia mara kwa mara, kazi ikasimama na kuanza tena, na vito vya mke wa Ray vikawekwa rehani. Walipiga picha za kijiji, za nyasi ndefu na watoto wawili wanaokimbilia gari moshi. Simu ya mkononi iliyo mfukoni mwa mwalimu wako leo yafanya mambo mengi ambayo kamera ya Mitra haikuyaweza. Yasiyoweza kufanywa na simu ni yale yale ambayo kamera yoyote haiwezi, yaani kuamua.

Kwa hiyo kazi huanza katika karatasi. Nawasihi vijana wafanye hesabu hii kabla hawajagusa simu. Dakika mbili ni sekunde 120. Filamu ya kawaida hupita picha 24 kwa sekunde, basi una picha 2,880, wala huna ya ziada. Ikiwa kila kipande kitakaa sekunde 4, una vipande 30 tu vya kusema yote uliyo nayo, na jina la filamu liko humo, na majina ya waigizaji yamo humo. Chora visanduku 30. Katika kila kisanduku chora kinachoonekana, hata ikiwa mchoro wako ni wa vijiti, na chini yake andika kinachosikika. Utaona mara moja kwamba mswaki unakula visanduku vinne. Utaufuta. Utaona kwamba kutoka mlangoni kunakula vitatu. Utakufuta. Yatakayobaki baada ya kufuta ndiyo filamu yako, na kama hapana kilichobaki, umeokoa siku nzima ya kupiga picha bure.

Mchoro huo utakuonyesha jambo jingine linalowaangusha wengi. Watu wawili wanaozungumza wana mstari usioonekana kati yao. Kamera ikae upande mmoja wa mstari huo. Ikiruka ng'ambo, yule aliyekuwa akitazama kulia atatazama kushoto, na mtazamaji atadhani wamepeana migongo. Katika filamu ile ya dola wanyang'anyi wawili waligombana kwa dakika nzima, kila mmoja akimtukana ukuta.

Kuhusu sauti nitasema machache. Upepo huharibu zaidi kuliko giza. Isogeze simu nyingine karibu na kinywa cha msemaji, uifiche chini ya kanga au nyuma ya kikapu, kisha uoanishe sauti na picha baadaye. Na muziki wa watu usiuibe. Masharti ya mtihani wenyewe yataka picha na sauti ziwe kazi ya wanafunzi, isipokuwa muziki na milio isiyofungwa na hakimiliki. Filamu tano kati ya zile tisa zilikuwa na ngurumo ileile ya muziki wa kutisha, ilhali katika shule hiyo hiyo mna kwaya, mna ngoma, mna kijana apigaye zumari vizuri kuliko mtu yeyote niliyemsikia mwaka ule. Hakuna aliyekwenda kumwomba. Nilipowauliza sababu, walinitazama kama niliyewaambia waende kukopa maji kisimani kwao.

Na lugha! Johnson alizungumza Kiingereza cha puani ambacho hata Johnson wa kweli asingekielewa. Sina ugomvi na Kiingereza, kwani ni lugha ya mtihani na ya vitabu vingi tunavyovipenda. Ugomvi wangu ni na kinywa kinachosema maneno ambayo mwenye kinywa hajapata kuyasema maishani mwake. Filamu ina njia yake ya zamani ya kuandika tafsiri chini ya picha. Basi bibi na aseme Kigiriama, makanga na aseme lugha ya makanga, na mwalimu mkuu na aseme Kiingereza chake cha paredi, ambacho peke yake ni kichekesho cha dakika mbili.

Wazazi wanaodai kwamba haya yote ni mchezo na upotevu wa karo sitawajibu kwa urefu. Waombeni wakae saa moja kutazama watoto wanne wakikubaliana kipande kipi kikatwe. Watakuwa wameona mjadala, hesabu, uandishi, na subira ambayo pengine haipo mezani kwao nyumbani.

Nimesema nina ugomvi na filamu saba. Ya nane ilikuwa na kasoro nyingi, lakini ilikuwa yao. Ya tisa nataka kuieleza.

Ilitengenezwa na msichana wa kidato cha tatu pamoja na wenzake wawili. Ilianza kamera ikiwa chini kabisa, karibu na udongo. Tunaona safu ya mitungi ya manjano mbele ya kioski cha maji kilichofungwa. Hapana watu, mitungi imewashikia watu nafasi zao, kama ilivyo desturi. Tunasikia jogoo, mbali. Mtungi wa tatu umeandikwa jina kwa rangi, herufi zenye kupinda za mkono wa mtoto. Mkono waingia katika picha, hatuuoni uso, wauinua mtungi huo na kuupeleka nyuma kabisa ya safu, wauweka polepole usitoe mlio. Wautazama, kama kwamba mkono una macho. Kisha waondoka. Jina la filamu latokea juu ya udongo: Foleni. Baadaye aja mtoto wa kiume, miaka minane labda, akipiga miluzi. Afika mahali pa mtungi wake. Miluzi yakatika. Ahesabu kwa kidole, moja, mbili, tatu, ahesabu tena. Auona mtungi wake mwisho. Ainua macho, atazama kitu au mtu aliye nje ya picha, naye, badala ya kulalamika, ainamisha kichwa na kwenda kusimama nyuma. Hapo giza.

Ilichukua dakika moja na sekunde arobaini. Haikuwa na neno hata moja, wala muziki. Wenzangu wawili waliipa alama za chini kuliko ile ya msituni, kwa sababu, walisema, haina tukio. Nilibishana nao hadi chai ikapoa. Nilishindwa, wawili kwa mmoja.

Tulipotoka nje niliwakuta wanafunzi wamemzunguka msichana yule chini ya mwembe, hata waliotengeneza filamu ya kisu, wakimwuliza kwa kelele ni nani aliyeuondoa mtungi, na kwa nini mtoto hakusema. Yeye alikuwa akicheka tu. Nilingoja wakatawanyika, kisha nami, nikiona haya kidogo kwa umri wangu, nikamwuliza lilelile. Alisimama vizuri, akaweka mikono nyuma kwa adabu.

"Mzee," akasema, "nipe dakika nyingine mbili, nitakuonyesha."